Maji ya Kuvulia Safari

Neno lenyewe lilikuwa Träger. Kwa Kijerumani maana yake ni mtu anayebeba, na mimi, niliyekaa miaka kwenye madawati ya shule ya serikali huko pwani nikichapwa kwa ajili ya lugha hiyo, nililibeba neno kama lilivyo nikalitua kichwani mwa mzee wa watu. Bwana Mganga, ndiye daktari wa Kijerumani niliyekuwa mkalimani wake hapa Dodoma, alisema kwamba mzee aliyesimama mbele yetu si mgonjwa, ni Träger. Nikamgeukia mzee nikamwambia kwa adabu zote, "Bwana Mganga anasema wewe huumwi. Wewe ni mpagazi."

Ningemtukana mama yake ingekuwa nafuu. Mzee yule alikuwa kirangozi. Kwa asiyezikuta safari za miguu, kirangozi ndiye aliyetangulia msafara, anayejua njia na visima na mahali pa kupita kimya. Mpagazi ni yule wa nyuma mwenye mzigo kichwani. Alichukua fimbo yake, akatoka. Mlangoni akageuka.

"Mwambie bwana wako wapagazi niliowaongoza mimi ni wengi kuliko nywele za ndevu zake. Na wewe, Kizingiti, mshahara unaokula hapa si halali yako."

Sikuyatafsiri. Bwana Mganga aliuliza mzee amesema nini, nikajibu kwamba ameshukuru.

Kizingiti ni jina alilonipa tangu niliporudi kutoka shule. Alisema kila akipita kwangu ananikuta palepale mlangoni, sijaingia wala sijatoka. Sikumbishia. Katika safari zote za maisha yangu niliyoipenda ni ile ya kurudi nyumbani, na nikishafika sioni sababu ya kuharibu mambo kwa kuondoka tena. Hata kazi ya ukalimani niliikubali kwa kuwa ningeweza kwenda kula kwangu mchana. Yeye alikuwa amefika Ujiji, Kongo ya Wabelgiji, Uganda ya Waingereza na Unguja, kote kwa miguu, isipokuwa Unguja, ambako alikiri kwa shingo upande kwamba pana mahali ilimbidi akae ndani ya chombo na kumwachia mtu mwingine atangulie.

Kutangulia kulikuwa kama ugonjwa kwake. Mkienda kisimani, yupo mbele. Mkienda mazishini, anawapita hata waliobeba maiti, mpaka wafiwa wa kijiji chetu, Nkuhungu, wakazoea kumwachia nafasi. Akisikia hatua za mtu nyuma yake zinakaribia, huongeza mwendo bila kugeuka, na nimewahi kumkimbiza hivyo hadi karibu na Makutupora nikiwa na ujumbe mdogo tu wa kumwambia mbuzi wake wameingia shambani kwangu. Jirani yetu mmoja, Mrangi aliyekuja kutoka Kondoa kuuza tumbaku na samli akaolewa hapahapa, alikuwa akimwambia, "Tangulia, baba, tangulia, ukikanyaga nyoka tutajua njia si hiyo." Kirangozi alicheka. Mama wa Kondoa ndiye mtu pekee aliyekuwa na ruhusa ya kumchezea, labda kwa sababu hakuwahi kuomba ruhusa.

Reli ilipofika ilimmaliza bila kumfukuza. Hakuna aliyekuja kumwambia kazi basi. Msimu mmoja matajiri hawakutuma mtu kumwita, msimu uliofuata pia hawakutuma, naye akaendelea kupaka fimbo yake mafuta. Gari moshi hakulipanda hata siku moja. Aliniuliza ni nani anayetangulia mle ndani. Nikamwambia yupo mtu mbele, ndiye anayeliendesha. Akauliza kama anaijua njia. Nikamwambia njia ni vyuma, hata asipoijua haipotei. Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyepewa habari za msiba wa ukoo mwingine.

Ndipo akajipa kazi ya mlangoni.

Siku zile watu walikuwa wakirudi kila upande. Wa Unguja na wa mashamba ya pwani walishuka kwenye gari moshi, wa Kongo na Uganda bado walikuja kwa miguu, na njia ya kuingia Nkuhungu ilipita mbele ya tembe ya Kirangozi. Alikaa pale na chungu cha maji yaliyotiwa unga wa uwele, yaliyolala usiku mzima. Anayerudi alitua mzigo, akainamisha kichwa, na Kirangozi akakoroga maji kwa kiganja chake, akayateka kwa kiganja hichohicho, akamnywesha. Kisha akamwambia, "Umevua safari. Nenda kwako." Desturi hiyo aliitoa wapi sijui. Wagogo wenzake walidhani ni ya Wanyamwezi, na Wanyamwezi waliopita walidhani ni ya Wagogo, kwa hiyo kila mmoja aliinama kwa kuogopa kuwavunjia wengine heshima. Baada ya muda ikawa sheria. Asiyenyweshwa alihesabiwa bado yuko njiani. Mkewe hakumtandikia, na wazee walimsalimu kama mgeni, hata kama ni mtoto waliyemfinyanga wenyewe.

Mama wa Kondoa peke yake ndiye aliyekataa. Aliporudi kutoka kwao alipita pale na kapu lake kichwani akisema hanywi maji yaliyokorogwa kwa vidole, hata vidole hivyo viwe vimefika Kongo. Kirangozi alimwambia basi safari yake itamganda. Akasema iache igande.

Mwenyewe alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliiheshimu miguu yake kupita kiasi. Kila jioni aliiosha, akaikausha katikati ya vidole, akaipaka samli, akaitazama. Mikono ilikuwa mikono tu. Alikuwa mkarimu wa chakula na bahili wa tumbaku. Simba alikuwa akimsimulia kama mtu anayesimulia mashemeji wakorofi, lakini hospitali aliizunguka kwa mbali, akipita vichakani na kurudi na miiba kwenye nguo.

Na alijua matumbo. Hapo hakuwa na mpinzani. Waliorudi walikuwa wakiharisha, karibu wote, nasi tulihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya mizigo. Kirangozi alimtazama mtu anavyokuja, anavyotua, anavyochagua mahali pa kuchuchumaa, kisha akatangaza. Tumbo la Unguja huja kama maji yaliyooshewa mchele, wala halikungojei uage watu. Tumbo la Kongo lina damu, na haraka nyingi isiyo na kitu ndani. Tumbo la Uganda hunguruma siku nzima na mwisho wake ni upepo. Lipo pia tumbo linalochelewa, alisema, ambalo ni baya kuliko yote: mtu anafika mzima, anakula, anacheka, anakaa hata wiki mbili, kisha homa inampanda pole pole kama mtu anayepanda kilima, na tumbo linafunguka kama rojo la kunde. Hilo nalo alilipa Kongo. Kongo ilikuwa mbali, haikuweza kujitetea.

Bwana Mganga naye alikuwa na kazi hiyohiyo. Serikali ilitaka kujua waliorudi wanarudi na nini, kwa hiyo kila aliyefika kutoka nchi nyingine akiharisha alitakiwa alete choo chake hospitalini. Watu walivileta ndani ya vibuyu, makopo, majani, na mmoja ndani ya kofia yake. Kazi yangu ilikuwa kupokea, kushukuru na kutopumua. Bwana Mganga alivilaza kwenye vioo, akavitazama kwa darubini, akaniambia kwamba kuharisha damu kuna wadudu wake, kipindupindu kina wadudu wake waliopinda, na ile homa ya matumbo inayochelewa ina wadudu wake kama vijiti vinavyoogelea. Siku moja akaniruhusu nitazame. Niliinama, nikaona vijiti virefu vyeusi vikitetemeka, nikapiga kelele za furaha kwamba nimewaona. Akanisogeza, akachungulia, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba nilizoona ni kope zangu.

Alikuwa mtu wa kuchoka, Bwana Mganga. Sikumbuki nimemwona amelala wala ameamka sawasawa. Uchovu huo haukumzuia kugundua kitu kilichotupita sisi sote. Wagonjwa wa ile homa inayochelewa walitoka kila upande, wengine Kongo, wengine pwani, wengine Uganda, watu ambao hawakuwahi kulala chini ya dari moja. Tena wenzao waliosafiri nao wakaendelea hadi vijiji vingine hawakuugua. Aliuliza wote wamekutana wapi. Nikamwambia, bila kufikiri, kwamba hawakukutana, ila wote walinyweshwa na Kirangozi.

Kumpata mzee alete choo chake kulinichukua muda na tumbaku yangu yote. Kwanza alisema yeye haharishi, tangu mwaka ule alipougua sana njiani kutoka Ujiji na wenzake wakamchimbia kaburi kabla hajamaliza kufa. Alipona, na tangu hapo tumbo lake ni chuma. Nikamwambia Bwana Mganga anataka kuona choo cha mtu mzima ili awe na cha kulinganisha. Hapo akalegea. Ilimwingia kwamba choo chake ndicho cha mfano. Akakubali kwa masharti: kiwekwe ndani ya kibuyu kizuri chenye shanga, kifunikwe, na yeye hawezi kukibeba, kwa sababu kirangozi habebi.

Basi tulikwenda. Yeye mbele, amevaa kanzu yake ya Unguja, fimbo mkononi, akipiga pembe ya swala kila tulipokaribia nyumba za watu, kama zamani msafara ulipoingia mjini. Mimi nyuma, na kibuyu kichwani, mtu wa darasa la juu, msomaji wa magazeti. Watu walitoka nje kutazama mzigo gani wa thamani unapita. Mama wa Kondoa alituuliza tunapeleka nini. Kirangozi hakugeuza hata shingo. Mimi nikasema ni asali ya Bwana Mganga. Aliinua pua, akanitazama, akasema hajawahi kuona asali inayofuatwa na nzi namna ile.

Nadhani ndio msafara wa mwisho aliouongoza. Alitembea kama kijana. Hakuzunguka vichakani, aliingia hospitali kwa mlango wa mbele.

Majibu yalipotoka ndipo nilipomwita mpagazi. Bwana Mganga alinielewesha baadaye, nilipokwisha kumvunjia mzee heshima. Maana ya Träger hapa haikuwa kubeba kichwani, ilikuwa kubeba ugonjwa. Wadudu wa homa ile walikaa ndani ya mzee tangu ule ugonjwa wa Ujiji, wakamzoea, hawamdhuru tena. Lakini kila aendapo chooni hutoka na choo chake, hukaa kwenye mikono yake, na kutoka mikononi huingia chunguni. Niliuliza dawa. Akasema hakuna. Akasema aoshe mikono kwa sabuni, na asiguse tena chakula wala maji ya mtu mwingine hadi siku ya kufa. Akasema kuosha mikono peke yake hakukutegemea, kwa wazee hakutoshi. Kisha akaniambia niende nikamweleze, na safari hii nitumie maneno mengi.

Nilikwenda. Nilitumia maneno mengi. Kirangozi alisikiliza akiosha miguu.

"Siumwi," alisema.

Nikamwambia ndivyo, huumwi.

"Na hao wanaougua walitoka Kongo."

Nikamwambia wengine walitoka pwani, na pwani si Kongo.

Akakausha vidole, kimoja kimoja. "Kwa hiyo tumbo la Kongo ni mimi."

Nilimwambia kwamba huenda Bwana Mganga amekosea, jambo ambalo sikuliamini, nikaondoka haraka. Watu husema msomi ni jasiri wa maneno. Mimi sikuwahi kumfahamu huyo msomi.

Hakuacha mara moja. Mlango wake ulikuwa ndiyo kazi yake, na mtu hawezi kunyang'anywa kazi mara mbili akakaa kimya. Aliendelea kuwanywesha, akisema maji yake hayajaua mtu. Bwana Mganga alitishia kutuma askari. Mimi nilimbembeleza asitume, nikimwambia mzee ataelewa, huku nikijua mzee ameelewa tangu jioni ile. Kisha akarudi kijana mmoja wa kazi ya reli, mcheshi, mwenye viatu vipya. Alitua mzigo, akanywa, akavua safari. Wiki mbili baadaye homa ikaanza kumpanda. Tulimzika kabla ya mvua.

Siku ile ya mazishi Kirangozi alitembea nyuma. Watu walimpisha kama kawaida, wakasimama kumngoja apite, naye akasimama. Ikabidi waendelee. Alikuja mwisho kabisa, nyuma ya wanawake, ndani ya vumbi la watu wote.

Kesho yake chungu hakikuwepo mlangoni. Hakumweleza mtu sababu, wala mimi sikueleza, maana aliniomba. Alisema afadhali waseme ana kiburi kuliko waseme ana mavi. Na kweli walisema ana kiburi. Waliorudi walisimama mlangoni pake wakiwa wameinama, naye akawaambia wapite tu. Wengine waliondoka wakidhani wamelaaniwa, na yuko mmoja aliyerudi zake Tabora. Kwa huzuni ile alikonda. Alizoea kukaa mikono imefichwa kwapani chini ya shuka, hata juani. Ukimpa mkono alikupa kiwiko. Aliacha kucheza na watoto wa jirani zake, na mbuzi wake akamwachia mtu mwingine awakamue.

Siri ilidumu kwangu hadi nilipokutana na Mama wa Kondoa kisimani. Hakunibana. Aliuliza tu asali ile ilikuwa ya nani, na mimi nikamwaga yote. Alisikiliza, akatwika mtungi wake, akasema alijua ni vidole. Tangu siku hiyo alichemsha maji yake mpaka kuni zikawa ugomvi nyumbani kwake, akawa akimpelekea mzee chakula na kukaa anamtazama anavyokula, akimsimanga kwamba samli yake anaimaliza kwa kupaka miguu.

Nimebakiza siku moja, na ndiyo iliyonifanya nikae nimwandike.

Kirangozi alikuwa na mwana mmoja. Alikwenda Kongo na mojawapo ya misafara ya mwisho, akapata kazi ya meli ziwani, upande wa Wabelgiji, akabaki huko miaka. Mama yake alikufa akimngoja. Mzee hakumtaja, ila kila aliyerudi kutoka magharibi aliulizwa habari za ziwani, kwanza maji yamepanda kiasi gani, kisha samaki, kisha watu, na tulijua anazunguka nini. Reli ilipofika ziwani hatimaye, habari ikaja kwamba mwana amepanda gari moshi.

Alasiri ile nilikuwa kwa mzee. Niliacha mlango wangu mwenyewe, jambo ambalo alilitaja mara mbili. Alikuwa amevaa kanzu ya Unguja. Mikono kwapani. Aliniuliza Bwana Mganga husemaje juu ya kiganja kilichooshwa sana, kilichosuguliwa kwa mchanga, kilichokaa kwenye moshi. Nikamwambia asemavyo, kwamba bado hakiaminiki. Akasema ni mara moja tu. Nikamwambia kijana wa reli naye alikunywa mara moja tu. Hakuuliza tena.

Mwana akatokea, mtu mzima, amevaa koti, sanduku kichwani. Sikumjua, mzee alimjua kwa mwendo. Alipofika mlangoni alitua sanduku, akavua kofia, akainama. Habari za maji ya mlango ule zilikuwa zimemfika hata Kongo. Alisimama vile, ameinamisha kichwa, mdomo umefunguka kidogo.

"Karibu, mwanangu," Kirangozi akasema. "Pita ndani."

Hakupita. Alibaki ameinama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pita."

Akainua kichwa, akatazama mahali chungu kilipokuwa kikikaa, akatazama shuka lililoficha mikono ya baba yake. Akauliza amekosa nini. Mzee akasema hajakosa. Mwana akasema kama ni kwa ajili ya mama, yeye habari za kifo zilimfika akiwa melini, hakuwa na jinsi. Mzee akasema si mama. Nami nilikuwapo, mkalimani wa serikali, mwenye Kigogo, Kiswahili na Kijerumani, na katika zote tatu sikupata neno. Mwana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu. Akavaa kofia. Akachuchumaa, akalishika sanduku lake ili alitwike tena.

Mama wa Kondoa alikuwa ameegemea ua wake muda wote huo. Alikuja na kata ya maji mkononi, akaweka mguu wake juu ya sanduku, akasema:

"Acha hilo. Baba yako hajakukataa. Mavi yake yana ugonjwa, yeye haumdhuru, wenzake wanakufa, ndiyo maana kaficha mikono. Haya nimechemsha mimi. Kunywa, uingie ndani, mzee asije akalia hapa njiani."